Diski ya Breki na Saa Isiyotembea

Mashine yangu ya milingi ni zile ndogo za Kichina za kuchongea vyuma nyumbani, lakini jaribu kuibeba peke yako uone kiuno kitakavyokusimulia. Ilikuja imepakwa grisi nzito nyekundu. Nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka mke wangu akahamia kwa jirani.

Kazi ikabaki kuinyoosha. Mnara wake umeshikwa na nati moja kubwa. Ukiilegeza, mnara na kichwa chake vinalala kulia au kushoto. Unafunga dayo geji, ile saa ya mafundi, kwenye spindo, ule mhimili wa kichwani unaozunguka, unaizungusha kwa mkono na kusoma mshale kila upande wa meza; pande zikilingana, mnara umenyooka. Tabu ni kwamba meza ina mifereji na ncha ya saa inatumbukia humo, kwa hiyo lazima utandike kitu kilichonyooka.

Mjomba, ambaye ana gereji chini ya mwembe, akaleta diski ya breki. "Mpya hii, ya mteja wa teksi. Anaifuata jioni."

Kulia sufuri, kushoto milimita 0.06. Nikalegeza nati, nikagonga mnara kwa nyundo ya mpira, 0.03. Nikakaza nati, 0.09! Ukikaza, inahama. Ukigonga kidogo haisogei, ukiongeza inapitiliza. Mara nati ikalegea mno, kichwa kikamwangukia Mjomba kifuani, akakikumbatia kama anayemsindikiza mlevi kwao. "Kaza basi, mwanangu, kaza!"

Magharibi inaingia, sufuri kulia, sufuri kushoto. Mjomba kwa furaha akaizungusha diski nusu mduara apanguse grisi. Mshale ukaruka hadi 0.12.

Akairudisha. Sufuri. Akaigeuza. 0.12. Tukatazamana.

Mashine haikuwa na kosa. Diski yenyewe ilikuwa nene upande mmoja kwa milimita 0.06, na sisi kutwa nzima tumeupindisha mnara kwa ustadi mkubwa ili ulingane nayo. Ndiyo maana ilipogeuzwa kosa likaonekana mara mbili, nusu la diski, nusu letu.

Mwenye teksi akatokea. "Diski yangu mnaifanyia nini?"

"Tumekuokoa," Mjomba akasema, bila hata kupepesa. "Ungeifunga hii, kila ukikanyaga breki pedali ingekutetemesha mguu."

Mwenye teksi akakwaruza rangi katikati ya diski kwa ufunguo. Chini yake, kutu ya zamani. "Mpya" hiyo ilikuwa imechongwa upya na kupakwa rangi.

Asubuhi tukaenda watatu Kariakoo dukani, na diski na dayo geji kama shahidi. Muuzaji akatusikiliza kwa heshima zote. Akaichukua saa, akaigeuza huku na huku, akaiweka sikioni.

"Wazee wangu," akasema, "saa yenyewe haitembei, itajuaje ubovu wa diski?"