Miaka 50 ya Katiba: tutasherehekea ipi?

Aprili 26, 2027 Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania itatimiza miaka 50 tangu ianze kutumika. Wengi wetu tarehe hiyo tunaijua kwa Muungano wa 1964, gwaride na halaiki. Hapa Dodoma ina kumbukumbu ya ziada, kwa kuwa ilikuwa Aprili 26, 2018, Uwanja wa Jamhuri, mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji. Katiba yenyewe haitajwi sana siku hiyo. Ikifika jubilei, itabidi itajwe, na hapo ndipo ubishi utakapokolea: kuna wanaosema tuishangilie kwa kutuvusha nusu karne, na kuna wanaosema haishangiliwi Katiba yenye viraka 14, yaani iliyofanyiwa mabadiliko mara 14.

Viraka hivyo vinaonekana kwa macho. Chukua kijitabu cha Katiba kilichochapwa baada ya mabadiliko ya 2005, hicho ambacho wanafunzi wa sheria hutembea na kopi yake. Pembeni mwa ibara kuna maandishi madogo yanayotaja sheria iliyoiingiza au kuibadili. Fungua sehemu ya haki na wajibu, ibara ya 12 hadi ya 29: haki ya kuishi, usawa mbele ya sheria, uhuru wa maoni, haki ya kumiliki mali. Pembeni utakutana na Sheria ya 1984 Na. 15, ukurasa baada ya ukurasa. Yaani mwaka 1977 sura hiyo haikuwamo. Na hata ilipoingia, Serikali ilijipa miaka mitatu kabla ya mwananchi kuruhusiwa kuidai mahakamani, hadi Machi 1988. Ukomo wa vipindi viwili vya urais nao ni wa 1984. Vyama vingi vilikuja 1992.

Ukiviondoa hivyo vyote, kinachobaki ndicho kilichozaliwa 1977. CCM iliundwa Februari 5 mwaka huo. Watu 20 walioandika katiba ya chama, mwenyekiti wao Mzee Thabit Kombo na katibu wao Pius Msekwa (ambaye leo ukumbi ndani ya viwanja vya Bunge hapa Dodoma unaitwa kwa jina lake), ndio waliokabidhiwa kuandika na ya nchi. Bunge Maalum likaipitisha Aprili 25, na kesho yake ikaanza kazi. Kwa nchi iliyokuwa na Katiba ya muda tangu 1964, haraka hiyo ni ya kushangaza kidogo. Lakini chama kilishashika hatamu, na kilichokubaliwa ndani ya chama kilihesabika kuwa kimekubaliwa na nchi. Dodoma wanaujua utaratibu huo: uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa na chama mwaka 1973, sheria ya kuitambua kama makao makuu ikaja 2018.

Wanaotaka tushangilie wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Katiba hii imekabidhi madaraka mwaka 1985, 1995, 2005 na 2015 bila mtu kuingia Ikulu kwa bunduki. Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Machi 2021. Rais Magufuli alitangazwa kufariki Machi 17, na Machi 19 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kwa mujibu wa ibara ya 37. Zilikuwa siku za minong'ono mingi, lakini maandishi yalikuwa wazi na yakafuatwa. Hata hicho kiraka cha 1984 hakikubaki karatasini: mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilikitumia kumpa mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, haki sawa na mwanaume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Anayesema Katiba hii haijawahi kumsaidia mnyonge hajaisoma kesi hiyo.

Upande wa pili nao una kesi yake, tena ya hapahapa. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu ya Dodoma mwaka 1993. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba vibali vya polisi kwa mikutano ya hadhara vinavunja Katiba, na kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge lilishapitisha mabadiliko ya 11 kumzuia mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ikampa Mtikila ushindi mwaka 2013, na mwaka 2020 ikasema tena kwamba ibara ya 41(7), inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais, inakiuka haki. Ibara hiyo bado ipo. Baada ya watu kupoteza maisha katika vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ni vigumu kumwambia mtu kwamba hilo ni jambo la wanasheria tu.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema marekebisho ya hapa na pale yanatosha. Kesi ya Mtikila inaonyesha kwamba mkono ulioongeza haki mwaka 1984 unaweza kuipunguza mwaka 1994, kwa utaratibu uleule wa theluthi mbili ya wabunge, mwananchi akisikia redioni. Zanzibar walipiga kura ya maoni Julai 31, 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mkazi wa Kongwa au Mpwapwa hajawahi kuulizwa ndiyo au hapana juu ya Katiba inayomtawala.

Ila pia siwaungi mkono wanaodhani jibu ni kuanza mchakato kesho asubuhi. Tulishajaribu. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilitua Dodoma mwanzoni mwa 2014 ikiwa na serikali tatu ndani yake (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), na Bunge Maalum, ambalo baadaye liliongozwa na Samuel Sitta, likaanza kwa kubishania posho ya shilingi 300,000 kwa siku na iwapo kura iwe ya wazi au ya siri. Aprili 16 UKAWA, umoja wa wajumbe wa upinzani, wakatoka ukumbini. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao, ikiwa na serikali mbili, na siku sita baadaye ikakabidhiwa kwa shangwe Uwanja wa Jamhuri. Kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa kwa sababu ya uandikishaji wa wapigakura, na imeahirishwa hadi leo. Sababu iliyotajwa ilikuwa mashine za BVR, zile za kuandikisha wapigakura kwa alama za vidole. Kwa maoni yangu, hata mashine zingekamilika, tungepiga kura juu ya maandishi ambayo upande mmoja wa meza uliyakataa.

Ndiyo maana ahadi iliyotolewa kwenye kampeni za 2025, ya kuanza mchakato wa Katiba mpya baada ya maridhiano, itapimwa kwa jambo moja ambalo wanasiasa hulikwepa: tunaanzia rasimu ipi? Ya Warioba ilibeba maoni yaliyokusanywa kwa wananchi, Inayopendekezwa ina uhalali wa kupitishwa kisheria, na kuanza upya ni kutupa kazi ya miaka na mabilioni. Mimi ningeanzia ya Warioba, suala la muundo wa Muungano likipelekwa kwenye kura kama swali linalojitegemea, ili lisizame na mengine yote kama 2014. Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013 ipo. Ratiba yake ndiyo iliyopitwa na wakati, na Bunge linalokaa hapa Dodoma lina uwezo wa kuirekebisha kabla ya Aprili 2027.