Mkoa gani mzuri kuishi? Anza na maji yanapita wapi

Kuna ubishi hauishi vijiweni, mkoa gani Tanzania ni bora kuishi. Mmoja anakwambia Njombe au Mbeya, hewa safi, udongo unakubali kila kitu. Mwingine Arusha. Mtu wa Mwanza hataki kusikia habari ya sehemu isiyo na ziwa. Na siku hizi wabishi wanakuja na jiografia kabisa, mwinuko, wastani wa mvua, umbali na bahari, mtu anakuonyesha ramani kwenye simu anasema hapa ndo peponi bana, wengine wote mmepotea njia. Mimi hiyo hoja siipingi, ila naona tunaipeleka pasipo pake. Jiografia ya mkoa mzima inakusaidia kidogo tu, ile ya mita 200 kuzunguka kiwanja chako ndo inakusaidia kweli na ndo hiyo watu hawaiangalii.

Tuwape haki yao kwanza wanaotetea mikoa. Mwinuko sio mchezo. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, sasa Dar iko usawa wa bahari, Mbeya iko kama mita 1,700, piga hesabu mwenyewe. Ndo maana Januari mtu wa Dar analala na feni mpaka asubuhi na umeme ukikatika anatoka kukaa barazani, wakati mwenzake wa Uyole, Mbeya, kajifunika blanketi. Na sio raha tu, ni afya pia, kwa sababu mbu wa malaria na baridi haviendani, ndo unaona Njombe na Kilimanjaro malaria iko chini sana ukilinganisha na Tabora au Mtwara. Ukiwa na watoto wadogo hilo ni jambo zito. Mvua nayo, Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma haifiki 600 na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni vumbi na kusubiri maji ya bomba yatoke.

Sawa. Ila sasa angalia upande wa pili. Hicho hicho kinachofanya sehemu iwe nzuri mara nyingi ndo hicho hicho kinaleta balaa. Arusha wanasifia Mlima Meru, udongo wa volkano, chemchemi kila kona. Hiyo hiyo miamba ya volkano inatia floraidi kwenye maji, kuna visima kuzunguka Meru vinapita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akinywa hayo maji kipindi meno yake ya ukubwani yanajijenga ndo imetoka hiyo, yanaota na rangi ya kahawia na hakuna dawa ya mswaki ya kuyasafisha. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo unakunywa kali zaidi. Hilo ramani ya hali ya hewa haikwambii.

Au Mlima Hanang, mkoa wa Manyara. Watu wamekaa chini ya ule mlima kwa sababu za kijiografia kabisa, maji yanashuka, ardhi inalimika. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua ikanyesha, sehemu ya mlima ikashiba maji ikameguka, tope na mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh mjini, zaidi ya watu 80 wakafariki. Kagera ni kijani mwaka mzima, ndizi, kahawa, ziwa, halafu Septemba 2016 likaja tetemeko Bukoba nyumba zikalala chini. Njombe yenyewe tunayoisifia, nenda Kitulo mwezi wa saba ukutane na sakitu, yaani umande ulioganda barafu, asubuhi kwenye viazi halafu ndo uje tuongee.

Halafu kuna swali la tumbo. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 Dar es Salaam, mji wa joto, jasho, foleni na maji ya visima yenye chumvi maeneo mengi. Hao wote wajinga? Hapana, wamefuata kazi, wamefuata soko, wengine wamefuata hospitali ya Muhimbili. Mtu anayekwambia hamia Mbeya kwa ajili ya hali ya hewa mara nyingi ana mshahara unaomfuata popote au keshastaafu. Dereva wa daladala wa Mbagala hachagui mkoa, mkoa ndo umemchagua. Lakini huyo huyo dereva akifikia kununua kakiwanja, hapo anachagua, kati ya Chamazi na Kivule, kati ya bondeni na mlimani, na hapo jiografia inaweza kumuokoa au kummaliza.

Chukua Jangwani, bondeni katikati ya Dar. Mto Msimbazi unaanzia huko juu milima ya Pugu, unakusanya maji ya sehemu kubwa ya jiji unayaleta pale bondeni kabla hayajaingia baharini kwenye daraja la Selander. Desemba 2011 ikapiga mvua ambayo wazee walisema hawajaiona tangu uhuru, watu wakapanda mapaani, karibu 40 wakafa. Serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande, huko juu mbali na mji, ardhi kavu, hakuna mafuriko. Kwa jicho la ramani ni uamuzi safi kabisa. Ila kuna waliorudi. Mama anayeuza chakula Kariakoo anaamka saa kumi usiku, kutoka Jangwani anatembea kwa miguu, kutoka Mabwepande nauli inakula faida yote na akichelewa gari wateja wameshakunywa chai kwingine. Kwa hiyo yule mama na yeye anaijua jiografia vizuri tu, ila anapima umbali na riziki yake wakati sisi tunapima umbali na mto. Maji yanakuja siku chache kwa mwaka, nauli inatoka kila siku. Mimi nisingekaa pale, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ila sithubutu kumuita mpumbavu, maana hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa na wasomi iliwekwa hapo hapo Jangwani na ikawa inazama.

Kwa hiyo ukitaka kutumia jiografia itumie kukataa, usiitumie kutafuta pepo. Dalali atakupeleka kiwanja mwezi wa nane, jua kali, ardhi imekauka, upepo mzuri, bei imeshuka kidogo kwa sababu "mwenye nayo ana shida". Wewe usiangalie upepo, angalia mimea. Ukiona matete au mafunjo kiangazi jua kuna maji chini hapo. Angalia kuta za nyumba za jirani, ule mstari wa tope unaobaki hata wakipaka rangi, angalia nani ameweka viroba vya mchanga mlangoni, nani ameinua kizingiti mpaka unapanda ngazi tatu kuingia sebuleni. Chimba kidogo na jembe, ukikuta udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza vidole basi jiandae na msingi wa hela nyingi, maana masika unavimba kiangazi unasinyaa na ukuta unafuata. Rudi mwezi wa nne, bila dalali, panda bodaboda, muulize njiani mvua ikinyesha huwa mnapita wapi. Huyo hana cha kukuuzia.

Na umbali nao unabadilika, hili wapenzi wa ramani huwa wanalisahau. Kabla treni ya SGR haijaanza kubeba abiria katikati ya 2024, Morogoro ilikuwa safari ya kupoteza siku, sasa ni chini ya saa mbili toka Dar. Kigamboni kabla ya daraja la 2016 ulikuwa unategemea pantoni. Mlima haujasogea, ila bei ya kiwanja imesogea.

Kama umeshanunua bondeni na nyumba imefika lenta, kuinua msingi kunakuokoa wewe, ila hayo maji lazima yaende mahali, na mara nyingi yanahamia kwa jirani wa chini ambaye alijenga kabla yako akiwa mkavu. Ndo kesi zinazojaa ofisi za serikali za mitaa kila masika, na mwenyekiti hana mtaro wa kuwapa.