Boga lenu halitambai, bishusha nitachuma wapi?

Katika semina moja ya kilimo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kijana mwenye kofia ya mradi alituinulia kopo la mbegu akatangaza: boga hili limeboreshwa, halitambai, linajikusanya kichaka, linafaa parseli ndogo, yaani kiwanja kidogo. Watu makofi. Kwenye jedwali lake kulikuwa na kilo za matunda peke yake. Bishusha, yale majani ya boga tunayoyapika mboga, hata neno.

Jamani! Kwetu boga linalisha nyumba wiki nyingi kabla tunda halijakomaa. Pita soko la Kadutu jioni umwone mama na mafungu yake ya bishusha: anavunja ncha ya kikonyo, anavuta ule uzi wenye vinyweleo mpaka kwenye jani, dole gumba limekuwa kijani, na wakati huohuo anabishana nawe bei bila kutazama mikono. Nyumbani majani hayo yanatiwa karanga zilizotwangwa, au mawese, na hayo mafuta ndiyo yanayousaidia mwili kuipokea vitamini A. Sasa ninyi mfupishieni mmea shina, pingili zibanane, kisha mniambie ncha za kuchuma zitatoka wapi. Tena vichaka hivyo vingi ni wa jamii ya boga iitwayo Cucurbita pepo, majani yake yanakwaruza kama msasa. Nani atayala? Mtaalamu na kofia yake?

Mbegu nazo hazikutajwa, wakati gramu 100 zilizomenywa zina protini karibu gramu 30, na zinki inapita miligramu 7.

Haya, nakubali, shingo upande: baadhi ya aina mpya zinauhimili ukungu mweupe, na mwenye kiparseli cha kugeuka tu pale Panzi simlaumu akizinunua. Lakini zikiwa F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, ukipanda mbegu ulizozitoa kwenye tunda lake, msimu unaofuata kila boga linakuja na sura yake, nawe unarudi dukani na pesa mkononi. Makoko wetu, yaani bibi na babu zetu wa Walungu, walichagua boga tamu, wakakausha mbegu zake, wakapanda. Huko nako ni kuboresha, ila hakukuwa na kofia.

INERA Mulungu, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, iko hapo Kabare, na maharage yenye chuma nyingi wameyafanyia kazi. Basi boga nalo walishike: wapime betakarotini ya nyama yake, ile inayogeuka vitamini A mwilini, sawa, lakini jedwali liongezwe safu ya majani, shina moja linatoa mafungu mangapi na linachipua tena baada ya muda gani. Safu hiyo waijaze wakiwa wamekaa na akina mama wa Kadutu, si ofisini.