Dinky ya Princeton: shida sio zile mita 140

Huko New Jersey, Marekani, kuna katreni wanakaita Dinky, behewa mbili tu, kanatoka Princeton Junction kwenye reli kuu ya New York na Philadelphia mpaka mjini Princeton, kilomita 4 hivi, dakika tano umeshashuka. Yaani Kariakoo mpaka Ubungo ni mbali kuliko hapo. Njia yenyewe ipo tangu 1865, na stesheni ya mjini Princeton iliyozoeleka na watu ilijengwa 1918.

Kelele zilianza pale Chuo Kikuu cha Princeton, ambacho kilishanunua stesheni hiyo toka kwa NJ Transit, shirika la usafiri wa umma la New Jersey, mwaka 1984, kiliposema kinataka kuisogeza kusini kama mita 140 ili kipate nafasi ya majengo ya sanaa na barabara ya kuingilia kwenye maegesho. Wakazi wakaunda kikundi, Save the Dinky, wakafungua kesi, wakashindwa. Novemba 2014 stesheni mpya ikafunguliwa na yale majengo ya 1918 yakageuzwa sehemu ya kula na kunywa.

Kusema ukweli chuo hakikuwa na hoja mbovu. Foleni pale ilikuwepo, majengo ya zamani hayakubomolewa, na stesheni mpya ni nzuri tu. Kwa kijana mwenye begi mgongoni mita 140 ni nini? Ila kwa mzee anayeelekea Nassau Street, ambako ndo kwenye maduka, ni kipande kingine cha kupanda kilima, na wakati wa theluji sio mchezo, kwa hiyo anaona bora achukue gari mpaka Junction. Hapo ndo wasiwasi wa wakazi ulipokuwa, maana abiria wakipungua, kesho anakuja mtu na mahesabu anakwambia treni hailipi, tuweke basi.

Na basi lina watetezi wake, tena sio wajinga. Behewa mbili zinahitaji dereva na kondakta, mabehewa yenyewe ni ya miaka ya 70, na treni haiwezi kupita stesheni ikaingia mtaani kama basi. Lakini ukitoka New York unashuka, Dinky iko upande ule ule inakusubiri, unavuka tu na begi lako. Haijui foleni ya Route 1, barabara kuu ya pale. Basi la barabarani utaliahidi hivyo saa kumi na moja jioni?

Miaka ya karibuni NJ Transit wamekuja na wazo la kuweka treni nyepesi na kwenye njia hiyo hiyo wapitishe na mabasi. Mimi hilo silipingi, bora hata hivyo kuliko kuendelea kuviraka vyuma vya zamani, ila ningetaka kwanza waandike kabisa kwamba reli haing'olewi, halafu hayo ya mabasi ndo tuyaongee.