Chukua paka aliyeachwa na waliohamishwa

Wifi yangu anatafuta paka. Panya wamemtobolea magunia mawili ya mahindi stoo, kule Nkuhungu, hapa Dodoma, na ameshaweka sharti: awe mdogo, "nimlee mwenyewe, anijue." Nimembishia kwenye simu, nimembishia msibani mbele za watu, sasa naandika kabisa. Kwa nyumba kama yako, wifi, chukua paka mkubwa.

Msidhani sipendi vitoto. Mwaka juzi nilikuwa nacho kimoja. Nilipewa na mama muuza nyanya pale soko la Majengo, kwenye boksi la sabuni, akaniambia kina miezi miwili. Sikukifungua mdomo. Ningekifungua ningejionea mwenyewe: kitoto cha wiki 8 kina meno yake yote ya utotoni, na hiki ya nyuma ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Kilikuwa bado cha kunyonya. Nikakipa maziwa ya ng'ombe, kama tufanyavyo wote, kikaharisha siku tatu mfululizo. Kikapona, kikachangamka, kikawa kinapanda mapazia na kuvizia vidole vya miguu vya kila anayepita. Nilicheka sana wiki zile.

Halafu ikaja siku ya mgao wa maji. Dodoma tunajuana: maji yakitoka unajaza kila kilicho na mdomo, hata sufuria ya pilau. Niliacha ndoo ya lita 20 mlangoni mwa choo, imefika nusu, haina mfuniko. Kitoto kiliruka ukingoni kikateleza ndani, na ndoo ya plastiki haina pa kushikia kucha. Nilirudi kazini saa kumi na moja jioni. Sitaendelea hapo.

Kosa lilikuwa langu, silikatai. Ila kitoto kinataka mtu nyumbani, mtu wa kukilisha mara tatu nne kwa siku na kukitoa kwenye kila shimo kinamojitia. Wifi anatoka alfajiri kuwahi Mtumba ofisini, anarudi giza limeshaingia. Atakilea saa ngapi?

Wakati huohuo paka wazima wamejaa kwenye kuta za mji huu. Tangu lile tamko la 2016 la serikali kuhamia hapa, Dodoma imekuwa mji wa barua za uhamisho. Mtu anakuja, anapanga Kisasa au Area C, anafuga paka, watoto wanampa jina. Barua inatoka: Mtwara. Fuso linapakia kochi, friji, mpaka makopo ya maua. Paka anabaki ukutani anaangalia. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, lakini mpangaji mpya msemo huo hajausikia, anamrushia kandambili.

Wangu nilimpata hivyohivyo. Jike la kijivu, sikio moja limechanika, jirani aliyekuwa anahama akaniambia ana miaka 6 hivi. Kutoka kwake kwangu ni nyumba tatu, na ugumu ulikuwa hapohapo, maana paka hushika sana mahali alipozoea. Bibi yangu alikuwa na dawa yake: mtie kwenye kiroba asione njia. Nilimtia, kumridhisha marehemu, lakini nilichotegemea hasa ni mlango. Nilimfungia ndani wiki tatu. Siku mbili za kwanza alikaa chini ya kabati, hali, ananitolea macho tu. Nikawa nimeshapanga kesho nimpeleke kwa daktari. Usiku wa tatu nikasikia dagaa wanatafunwa jikoni gizani. Nikajikausha kitandani nisimshtue.

Wiki ya tano nilikuta mkia wa panya na kijinyongo kwenye zulia la mlangoni. Mahindi niliyonunua Kibaigwa msimu ule tuliyala mpaka debe la mwisho. Paka hunolewa kuwinda na mama yake, anayewaletea watoto panya aliye hai wajaribie. Kitoto kilichonyakuliwa mapema hukosa masomo hayo. Wengine hujifundisha ukubwani, wengine wanaishia kumtazama panya kama mpangaji mwenzao.

Ana kasoro zake. Hapakatiki. Saa kumi alfajiri anakuja kunikalia kifuani anadai chakula, na mkono wa kochi ameuchana mpaka sponji liko nje. Tabia hizo alikuja nazo. Lakini nilizijua mapema, jirani alinitajia zote, la kochi akilisema kwa aibu. Ukichukua kitoto hujui unalea nini.

Na utoto wenyewe ni wa muda gani? Miezi 6 meno ya ukubwani yameshaota. Jike anaweza kushika mimba hata na miezi 4 au 5, anabeba kama siku 65, na kabla mwaka haujaisha wewe ndiye umesimama Majengo na boksi la sabuni. Paka wa ndani anayekula vizuri na kuchanjwa anafika miaka 15. Unamchagua kwa sura ya miezi michache, unaishi naye miaka yote hiyo.

Gharama ni zilezile kwa wote wawili, kwa hiyo nazipitia haraka: chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo, kumfunga kizazi, vyote kwa daktari wa mifugo. Na ile sumu ya panya itoke nyumbani siku paka anapoingia, maana akila panya aliyeilamba anakwenda naye.

Simsemei paka shume. Paka ambaye hakuguswa na mtu akiwa na wiki mbili mpaka saba hivi, huyo ukubwani ni wa jalalani, atakupasua mikono. Chuchumaa, nyoosha kidole, subiri. Wa nyumbani atakuja kukinusa, mkia juu. Shume hata dagaa hamtoi alipo. Na kama nyumbani kuna mtu anayeshinda, kwa mfano mama mstaafu, basi hata vitoto sawa, lakini viwili vya tumbo moja, vyenye wiki 8 na kuendelea.

Wiki iliyopita Fuso lingine lilisimama mtaani kwetu. Dume la rangi ya chungwa limebaki kwenye ukuta. Nimempelekea dagaa jioni mbili. Jana ameshuka, akanusa kidole, akajisugua kwenye kandambili yangu. Nikampiga picha nikamtumia wifi.

Amejibu: "Mbona sura ya kizee hivyo?" Baada ya dakika kumi: "Anakula nini?"