Rangi ya chini ya maji haitoki kwenye kompyuta

Ukitazama picha nyingi zinazopigwa Mnemba au Kisite, utadhani bahari yetu ina rangi moja tu. Matumbawe buluu, samaki buluu, mzamiaji mwenyewe buluu. Kisha mwenye picha anafungua programu, anauvuta wekundu mpaka mwisho, mchanga unageuka waridi, naye anaridhika.

Mimi hilo siliafiki. Wekundu ambao haukufika kwenye lenzi hakuna wa kuurudisha; utavuta chengachenga za picha tu. Maji huumeza mapema: ukishuka mita 5 hivi, sehemu kubwa imeshakwenda, rangi ya chungwa inafuata, halafu njano. Na wengi huhesabu kina peke yake. Ukiwa mita 5 chini na samaki yuko mita 3 mbele yako, mwanga wa jua umekata si chini ya mita 8 za maji kabla ya kukufikia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, sogea. Ukishafika, sogea tena, ilimradi mapezi yako hayagusi matumbawe. Mtazame chewa mwekundu, yule mwenye vidoa vya buluu, akiwa mita 15 chini: utamwona wa kahawia, karibu na weusi. Mmulike tochi kwa karibu, anawaka kama pilipili iliyoiva.

Ndiyo maana pesa ya kamera mpya ningeinunulia flashi. Ikae pembeni, mbali na lenzi, isije ikamulika chembe zilizo mbele ya kioo picha ikajaa vitone vyeupe. Lakini mwanga wake haufiki mbali, mita moja au zaidi kidogo. Papa potwe wa Mafia hahitaji flashi. Anaogelea juu juu, na maji anayopenda yamejaa planktoni, vijiumbe vinavyoelea, ambavyo flashi ingevigeuza vitone vyeupe. Mwachie jua, na umwache naye kwa amani.

Filta nyekundu, kile kioo chekundu kinachovikwa lenzi, inasifiwa kupita kiasi. Haiongezi wekundu wowote, inazuia buluu na kijani, na mwanga wote unapungua. Jua likiwa kali, kwenye kina cha kati, haya. Ukiwasha flashi, ivue. Asiye na flashi abebe kibao cheupe, aioneshe kamera weupe upya kila anapobadili kina.

Na siku uichague: kaskazi, maji mafu, saa tano asubuhi. Bamvua la masika, mito imeshamwaga matope, kamera yangu inabaki nyumbani.