Aiskrimu ya ubani si kituko

Mwaka wa tatu huu niko Muscat, Oman, na kitu kinachoniuma ni kuona wenzangu wa nyumbani wakionja aiskrimu ya ubani kwa ncha ya kijiko alafu wanakunja uso, "mh, hii ya msibani hii". Naelewa wanakotoka. Kwetu Tanga ubani tunaufukiza kwenye chetezo maiti akiwa bado ndani, na hela ya rambirambi nayo tunaiita ubani, yaani neno lenyewe ukilisikia tu unauliza nani kafa. Hata mi siku ya kwanza nilisita, maana harufu ile mara ya mwisho niliisikia tunamzika babu.

Aliyenibadilisha ni bibi mmoja pale soko la Mutrah. Hapa usiongee Kiswahili ukadhani hakuna anayekusikia, wazee kibao wamezaliwa Unguja na Pemba wakaja huku baada ya mapinduzi ya 1964, basi mi nipo na mwenzangu namwambia hii kitu hailiki, bibi akageuka: "Mwanangu, ubani hauonjwi kwa kuramba. Kaa kitako ule." Nikaona haya, nikamwamkia shikamoo, nikakaa nikamaliza bakuli zima.

Na kweli. Mwanzo unasikia maziwa tu, ya baridi, alafu inakuja harufu kama ya ganda la ndimu ukilikuna, alafu uchungu kidogo kwenye kingo za ulimi, na ukishameza ukivuta pumzi pua yote inafunguka na ile ladha bado ipo kooni wakati bakuli limeshaisha. Ladha yake iko nyuma, sasa mtu wa kijiko kimoja ataipatia wapi?

Kwa wenyewe Waomani ubani si kitu cha msiba peke yake. Wanautafuna, na wengine wanauloweka usiku kwenye maji, asubuhi wanayanywa wanasema unasafisha tumbo. Unatoka Dhofar huko kusini, wanachanja gome la mti, utomvu unatoka matone matone unakaukia palepale, ndo wanakuja kuubandua. Ule wa daraja la juu wanauita hojari, una weupe wa kijanikijani, ukiuinua juani mwanga unapita. Wa kuliwa ni huo.

Nimejaribu na nyingine, ya zafarani nzuri sana, ya maziwa ya ngamia ina kachumvi kwa mbali nimeipenda, ya tende naona sukari juu ya sukari. Lakini ya ubani ndo imenifanya nifikirie kwetu. Sisi tumekua na barafu za ubuyu na za ukwaju, zile za kwenye kimfuko, unang'ata kona unafyonza mpaka rangi inabaki mdomoni, hakuna mtoto aliyeziona za ajabu. Ila duka likishapata mashine na koni basi ni vanila, stroberi, chokleti, kwisha. Stroberi! Wengi wetu hata mmea wake hatujawahi kuuona, na karafuu ya Pemba ipo, iliki ipo, tangawizi ipo, na chai ya maziwa yenye vitu hivyohivyo tunakunywa kila siku. Mi naona huko ni kujidharau, na watengenezaji wetu nawaomba kabisa wajaribu, wateja tupo.

Desemba narudi likizo na hojari nusu kilo kwenye begi, friza ya mama ipo. Bibi kanielekeza: unaulowesha kwanza kwenye maziwa, unaweka moto mdogo sana huku unakoroga, usiache yachemke, alafu unachuja kwa kitambaa yakiwa bado ya moto. Na sufuria, kasema, tafuta ya zamani, maana utomvu ukishaganda kwenye sufuria ya mama hautoki.